Mbio za Kambo: nusu ya faranga iende kwenye maneno

Jumapili moja ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili ya asubuhi, tulisimama watu kumi na tisa mbele ya nyumba moja ya Ruashi, tukitetemeka kwa baridi. Ndiyo nyumba aliyoishi nyanya yangu. Kutoka pale tulikimbia kilomita 11 kwenye barabara ya Kasenga, tukasimama karibu na muembe usio na sifa yoyote, tukanywa maji, tukarudi na basi. Wengine waliniuliza kwa nini hatukukimbia mjini, kuelekea Posta, ambako watu wangetuona. Jibu ni kwamba chini ya muembe ule ndipo muuza makala wa baiskeli alipomkuta Kambo miaka mitatu iliyopita, saa tisa ya mchana, akitembea miguu mitupu. Alikuwa ametoka nyumbani kabla ya jua. Alipoulizwa anaenda wapi, alijibu: "Naenda ku Kasenga, samaki itaoza."

Kasenga iko mbali, kama kilomita 200, kwenye mto Luapula. Samaki hakuwako. Aliacha kuuza samaki kabla mimi sijazaliwa.

Mbio zetu zilileta faranga 612 000. Wadhamini wengi waliahidi faranga 500 kwa kila kilomita, wachache waliahidi zaidi, na mwalimu wetu mmoja alilipa kilomita zote 11 za watu watatu ambao hawakufika mwisho. Fedha hizo ziko kwa mtunza hazina, na kamati ya mbio itakutana tena kabla ya tarehe 21 ya mwezi wa tisa, siku ambayo dunia inawakumbuka wagonjwa wa aina hii. Kuna wanaotaka kununua sabuni, mipira ya kutandika kitandani na nepi za watu wazima kwa ajili ya jamaa zenye mgonjwa. Kuna wanaotaka kuchapisha mabango. Mimi nataka kusema jambo ambalo katika kikao kilichopita sikulisema vizuri, nikachekwa: nusu ya fedha hiyo iende kwenye maneno. Ninaeleza.

Kambo alikuwa na lugha tatu. Alizaliwa katika Kibemba cha upande wa Luapula, akajifunza Kiswahili cha Lubumbashi sokoni, na Kifaransa kidogo kwa masista. Ugonjwa ulipoanza, Kifaransa kiliondoka cha kwanza, na hakuna aliyeona kama ni hasara kubwa. Halafu Kiswahili kikaanza kutoboka. Alikuwa akianza na Kiswahili, akaingia Kibemba katikati ya sentensi, na hakurudi tena. Si kila mgonjwa huwa hivyo, wengine hupoteza lugha zote kwa pamoja. Lakini kwetu ilikuwa hivyo, na watoto wa nyumba, wasiojua Kibemba, wakaanza kusema kwamba Kambo anaongea na watu wasioonekana. Alikuwa anaongea nao wenyewe, kwa lugha ambayo sisi wazazi na kaka zao hatukuwafundisha.

Wakati huohuo mimi nilikuwa nikitafuta watoa habari kwa kazi yangu ya kumaliza lisanse: orodha ya maneno mia mbili ya Kibemba kama kinavyosemwa na wazee waliohamia Lubumbashi. Nilimchukua Kambo kama shahidi wa kwanza, kwa kuwa alikuwa karibu na hakuomba kitu. Wiki ya kwanza alinipa neno la mbuzi vizuri, *imbushi*. Wiki ya pili, nilipomwonyesha mbuzi wa jirani, alisema maneno yanayoweza kutafsiriwa "yule wa ndevu". Wiki ya tatu alikasirika, akasema mimi ninajua, kwa nini ninamuuliza. Kwa maji alinyoosha kidole na kusema *aya, aya*, yaani "haya, haya". Nikaandika pembeni mwa daftari, kwa Kifaransa safi, kwamba mtoa habari namba 1 haaminiki. Nikamtoa kwenye kazi. Nilipata alama nzuri.

Daftari hilo ninalo bado. Nililifungua baada ya mazishi, na ndipo nilipoona kile ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angepaswa kukiona. Neno la maji lilikuwa limemtoka, lakini ngeli haikumtoka. *Aya* ni kionyeshi cha ngeli ya 6, ngeli ya *amenshi*. Moto ulipompotea alisema *uyu*, ngeli ya 3, ngeli ya *umulilo*. Mara tisa katika kurasa nne jina halipo na upatanisho upo, sahihi kabisa. Nyumba ilikuwa imeondolewa, mlango umebaki umesimama. Sisi hapa tunasoma mofolojia ya Kibantu kwa miaka mingi, na nilikuwa na mbele yangu mwanamke aliyekuwa akinionyesha, kila Jumamosi, wapi sarufi inakaa na wapi msamiati unakaa. Nikamwita shahidi mbovu kwa sababu alinivurugia jedwali.

Sisemi hivi ili nionewe huruma. Ninasema kwa sababu ni kosa la kazi yetu, si la waganga. Tulikuwa na vyombo vya kuusikia ugonjwa huu mapema kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani, na hatukuvitumia.

Nirudi kwenye mbio. Karatasi ya kwanza ya kuomba michango tuliiandika kwa Kifaransa, kama kila karatasi ya chuo: kukimbia dhidi ya *démence*. Siku tatu kabla ya mbio nilikwenda nayo kwenye soko la Kenya. Mama mmoja muuza lengalenga, ambaye anasoma Kifaransa kuliko wengi wetu, aliiangalia, akanirudishia. "Munalomba falanga juu ya bawazimu? Bawazimu beko na bandugu yabo." Nilibishana, haikusaidia. Nilihamia meza ya tatu kutoka pale na safari hii sikuonyesha karatasi. Nilisema ni kwa ajili ya bakambo benye kupotea mu njia, benye kusahabu majina ya batoto yabo. Mama wa meza hiyo aliacha kukata mboga. "Aa, ile ugonjwa ya mama yangu." Akatoa faranga 1 000, akamwita yule wa kwanza. Yule wa kwanza alikuja, akasikiliza, akatoa 500, kisha akanikaripia kwamba kama ni hivyo ningesema tangu mwanzo, shangazi yake alikufa vilevile, na jamaa ilimpeleka kwa wachungaji watatu ili atolewe roho.

Huyu mama hakuwa amekosea kusoma. Kifaransa ndicho kilichomwambia hivyo. Katika kanuni ya adhabu ya Ufaransa ya mwaka 1810, ibara ya 64, *démence* ni hali ya mtu asiyehesabiwa kosa kwa kuwa akili yake haipo, yaani mwendawazimu. Asili yake ya Kilatini ni mtu aliye nje ya akili yake. Waganga walilichukua neno hilo na kulibana, lakini barabarani halikubanwa. Mpaka leo, Lubumbashi, *dément* ni yule anayetembea uchi karibu na gari la moshi. Tukimwandika bibi wa miaka 78 kwa neno hilo, tumemweka pale.

Na Kiswahili? Tukiwa waaminifu, Kiswahili cha vitabu hakituokoi haraka. "Shida ya akili", ninayoiona katika tafsiri nyingi, inarudia kosa lilelile, maana katika masikio ya watu wetu shida ya akili ni wazimu. "Ugonjwa wa kusahau" ni bora, na unaeleweka kutoka hapa hadi Dar es Salaam. Lakini una upungufu wake. Kambo hakusahau tu. Alisimama mbele ya mbabula, maji yakichemka, unga uko mkononi, na hakujua kipi kinatangulia, yeye aliyepika bukari miaka sitini. Hilo si kusahau jina la mtu. Tena neno "kusahau" linaruhusu jamaa kusema "wazee wote wanasahau" na kukaa. Wazee wote hawasahau hivyo. Watafiti waliopima wazee wa miaka 65 na zaidi mwaka 2008 na 2009 walikuta wenye ugonjwa huu karibu 8 kwa kila 100 mjini Bangui, na karibu 7 kwa kila 100 Brazzaville. Hii ina maana kwamba zaidi ya tisini kati ya mia hawana. Uzee si ugonjwa huu.

Wanawake waliomwosha na kumlisha Kambo, yaani mama yangu na dada zake wawili, hawakutumia lolote kati ya maneno hayo. Walisema "anapotea". Leo amepotea asubuhi. Jana hakupotea sana. Mwanzoni nilidhani wanazungumzia barabara, kisha nikagundua kwamba wanasema hivyo hata akiwa amelala kitandani. Kupotea njia, kupotea katika maneno, kupotea katika kazi ya mikono: kitenzi kimoja kilibeba vyote vitatu, na hakikumtukana. Anayepotea hutafutwa. Sisemi hilo ndilo neno la mwisho. Katika Kiswahili chetu *kupotea* kunaweza pia kuwa kufa au kuharibika tabia, na katika Kiluba au Kisanga picha inaweza kuwa nyingine kabisa. Hiyo ndiyo kazi ninayoiomba: kwenda kuuliza wanaohudumia wagonjwa wanasema nini, kabla ya kamati yoyote kukaa mezani na kuunda neno.

Atakayesema neno haliwezi kubadilishwa kwa makusudi, aangalie Japani. Hadi mwaka 2004 neno rasmi la ugonjwa huu huko, *chihō*, liliandikwa kwa herufi zenye maana ya upumbavu. Serikali iliona kwamba watu wanaona haya kuwapeleka wazazi kwa mganga, ikauliza watu, ikabadilisha. Sasa ni *ninchishō*, ugonjwa unaohusu utambuzi, na neno la zamani halitumiki tena katika kazi rasmi. Hawakugundua dawa mwaka ule. Walibadilisha neno tu.

Jambo la pili ni vipimo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wenzangu wa kitivo cha udaktari wanadhani hatuna la kusema. Kambo alipelekwa mara moja kwenye kituo kimoja cha afya cha mjini. Alipewa kipimo kilichotungwa Marekani mwaka 1975, katika tafsiri yake ya Kifaransa. Aliombwa kutoa 7 katika 100, tena 7, tena 7. Aliombwa kuandika sentensi. Aliombwa kutaja herufi za neno *MONDE* kuanzia mwisho. Kambo hakuwahi kushika kalamu zaidi ya kutia alama kwenye karatasi za mazishi. Alipata sufuri katika mengi, na angepata sufuri hata akiwa na miaka thelathini na akili inayong'aa, akihesabu vikapu vya samaki kichwani kwa bei ya jumla na ya rejareja. Kipimo kilipima shule. Na mtoto wa profesa, aliyesoma sana, anaweza kuwa tayari mgonjwa na kukipita kipimo hichohicho.

Si lazima iwe hivyo. Ibadan, kuanzia mwaka 1992, watafiti walifanya kazi na wazee Wayoruba kwa Kiyoruba, kwa maswali yaliyotengenezwa ili asiyesoma asionewe, na pia kwa kumhoji ndugu anayeishi naye. Karibu zaidi na sisi, katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, wamepima wazee kwa Kiswahili. Kuna kipimo kifupi kilichotoka katika kazi za huko: mzee anakumbuka maneno kumi, anaeleza daraja ni nini, anataja kiongozi wa kijiji chake, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata umbo analoonyeshwa. Njiti za kiberiti! Hakuna nyumba ya Katuba isiyokuwa nazo.

"Basi tukichukue," aliniambia rafiki mmoja wa udaktari, "si Kiswahili?" Ni Kiswahili, ndiyo, na nilikijaribu swali moja kwa wazee sita wa mtaa wetu, wazima wote, kwa idhini yao na kwa chupa ya soda. Niliwaomba wataje wanyama. Wawili walinielewa kama nilivyotaka. Mmoja aliuliza wa kula au wa porini. Watatu walianza na ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kisha wakasimama, kwa sababu katika Kiswahili chetu *nyama* ni kitu cha sufuria kwanza, na *wanyama* yenye *wa-* ya vitabu hawaisemi. Mmoja wa hao watatu, mzee wa Kasenga pia, nilipomsukuma aendelee alisema hakuna tena, kuna samaki tu, na samaki si nyama. Halafu akanitajia samaki kumi na nne wa Luapula bila kupumua. Nimpe alama ngapi? Kwa karatasi ya Hai anaonekana ana shida. Kwa haki ana kumbukumbu kuliko mimi.

Swali hilo dogo, samaki ni mnyama au si mnyama katika lugha ya mtu anayepimwa, hakuna mganga atakayelitatua. Ni semantiki. Liko katika programu yetu ya mwaka wa pili. Kitivo hiki kila mwaka kinatoa kazi nyingi juu ya majina ya watu, majina ya mitaa, methali. Sizidharau, yangu ilikuwa moja ya hizo. Lakini kazi tano tu, moja kwa Kiswahili cha Lubumbashi, moja kwa Kibemba, moja kwa Kiluba, moja kwa Kisanga, moja kwa Tshiluba cha ndugu zetu waliotoka Kasai, zinazouliza maswali kumi yaleyale kwa wazee wazima na kuandika wanavyoyaelewa, zingempa mganga yeyote wa mji huu kitu ambacho hana leo.

Ninajua pingamizi kubwa, na aliyelisema kikaoni ni mtu ninayemheshimu. Alisema: ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, basi neno zuri na kipimo kizuri vitamfanyia nini mama anayeamka mara nne usiku kubadilisha shuka? Sabuni anaihitaji leo. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi fedha yote. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya sabuni na mabango ya Kifaransa, ningechagua sabuni bila kufikiri. Lakini wacha nimjibu kwa kilichotokea kwetu. Miezi minane ya mwisho, mjomba wangu mkubwa hakukanyaga nyumba ya mama yake. Mtoto wake alikuwa amekufa kwa malaria, Kambo akawa anaita jina la mtoto huyo usiku, na katika chumba kimoja cha maombi mjomba aliambiwa maana yake ni nini. Neno lililotumika lilikuwa *mulozi*. Mganga alikuwa ameandika *démence* kwenye karatasi, mjomba aliisoma, na haikupinga kitu: kwake mtu anaweza kuwa mwendawazimu na mchawi kwa pamoja. Hapakuwa na neno la tatu la kuweka mezani. Mama yangu alijaribu kusema "anapotea tu, yaya", lakini yeye ni mdogo na ni mwanamke, na neno lake halikuwa na muhuri.

Mjomba alikuja kwenye kilio. Alilipa sanduku, la bei kali. Katika orodha ya michango ya kilio, ambayo ninayo pia, jumla ni mara sita ya fedha zilizoletwa na mbio zetu. Fedha ya wazee ipo katika mji huu. Inakuja siku ambayo wao hawaihitaji tena. Mwaka huu mjomba alitupa faranga 20 000 kwa mbio, na hakuuliza karatasi imeandikwa nini.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati ni hili. Faranga 306 000 ziende kwa sabuni, mipira na nepi, zigawanywe kwa jamaa saba tulizokwisha kuzijua, kupitia wanawake wanaohudumia, si kupitia wakuu wa jamaa. Faranga 306 000 zilipie usafiri, soda na karatasi kwa wanafunzi watano watakaokwenda kuuliza maswali kumi katika lugha tano, pamoja na mtu mmoja wa udaktari, ili asituambie baadaye kwamba hatukujua tunatafuta nini. Waalimu wawili wamekubali kusimamia. Kwa Tshiluba hatujapata mtu. Wa Kibemba ni mimi, na swali la samaki nitaanza nalo.

Karatasi mpya ya wadhamini iko tayari, mistari miwili ya juu kwa Kiswahili cha hapa, Kifaransa chini kwa herufi ndogo. Mbio zijazo zitaondoka mahali palepale Ruashi. Mama wa lengalenga ameuliza kama wasiokimbia wanaweza kutembea. Wanaweza. Tutawasubiri kwenye muembe.